Damu Iliyogeuza Njia

Kebirigo, Nyamira
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwako Valentine, binti wa kaka yangu,

Bwakire. Hapa tumeamka salama, na natumaini nawe huko Nyakoe umeamka salama. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mwanangu Makori yuko Nakuru kazini na mkewe Mokeira yuko nami hapa, ananilazimisha kunywa uji wa wimbi hata nikishiba.

Nimeamua tuandikiane barua. Ile simu uliyoninunulia ni nzuri, lakini masikio yangu yamekataa kushirikiana nayo. Mtu akizungumza namsikia kama yuko ndani ya mtungi. Juzi ulisema kitu nikakujibu "Amina", na baadaye Mokeira akaniambia ulikuwa umeuliza kama ng'ombe amezaa. Ujumbe wa maandishi nao una herufi ndogo kama mayai ya chawa. Basi jirani yetu Machogu, ambaye hupeleka ndizi Kisii mjini kila wiki, atakuletea barua hii pale kliniki, nawe umpe ya kwako. Uandike kwa Kiswahili. Sikufundisha Kiswahili darasa la sita miaka thelathini na moja ili mpwa wangu aniandikie nusu Kiingereza.

Sasa nikuambie jambo. Kanisani niliwaeleza akina mama wa Dorkasi kwamba wewe huona damu ikitembea ndani ya shingo ya mtu aliye hai, na hujua inakwenda wapi na kwa kasi gani. Mama Nyasani akasema haiwezekani bila kumpasua mtu. Nieleze vizuri, nimjibu Sabato moja.

Shangazi yako,
Nyamusi

*

Nyakoe, Kisii
Jumatatu, 3 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya, Machogu alikuja mara mbili akanikuta na wagonjwa. Hongera kwa ndama. Mimi ni mzima. Mvua ya wiki iliyopita iliingia jikoni kwangu lakini mwenye nyumba amepanga bati upya.

Mwambie Mama Nyasani hivi. Kifaa ninachokishika mkononi hutuma mlio mwembamba mno, sikio la mtu haliwezi kuusikia. Mlio huo unaingia mwilini, unagonga damu, unarudi. Wewe umewahi kusimama kando ya barabara pikipiki ikipita kwa kasi: ikija sauti yake ni kali, ikishakupita inashuka na kuwa nzito. Damu nayo ni hivyo. Inayokuja upande wa kifaa hurudisha mlio mkali zaidi, inayoondoka hurudisha mlio mzito zaidi. Mashine hupima hiyo tofauti, ikajua upande na kasi. Halafu inaipaka rangi: inayokuja nyekundu, inayoondoka bluu. Watu wengi hudhani nyekundu ni damu safi na bluu ni chafu. Sivyo, rangi inaonyesha upande tu. Na kifaa ni lazima ukiinamishe kidogo. Ukikisimamisha wima kabisa juu ya mshipa, damu itapita mbele yako na mashine itasema hakuna kitu kinachotembea.

Siku hizi niko zaidi na akina mama wajawazito. Wanakuja wengi, wamechoka, miguu zao zinavimba. Nikiwasikilizisha moyo wa mtoto wanacheka wote, hata wale walioingia wamenuna.

Msalimie Mokeira.

Valentine

*

Kebirigo
Jumapili, 23 Februari 2025

Kwako Valentine,

Mbuya mono, asante sana, kwa barua. Miguu yao inavimba, si "miguu zao zinavimba". Nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu, lakini sijakurudishia karatasi kwa sababu nilimsomea Mama Nyasani sehemu ya pikipiki na sasa anataka kuisikia tena.

Sisi ni wazima. Ndama ananyonya vizuri. Mboga ya chinsaga imeota kwa wingi nyuma ya choo cha zamani, mahali ambapo sikuipanda. Makori atakuja Pasaka.

Nina swali. Umeandika "siku hizi niko na wajawazito". Mwezi wa Agosti uliniambia wewe ndiye wa mishipa pale kliniki, na kwamba mlikuwa wawili tu mnaoiweza. Neno "siku hizi" limekaa pale kama kijiwe kwenye mchele. Kuna nini?

Huku chai imetoa majani, ila mimi sichumi sana mwezi huu. Mokeira anachuma, mimi nakaa na ndama. Jumatano nilikwenda zahanati kuchukua dawa za presha. Mashine yao imezeeka kama mimi. Mkono wa kulia ilisema 152, tukajaribu wa kushoto ikasema 104. Muuguzi alicheka, akasema hata mashine ina siku zake, akaandika ile ya kulia. Nami nikacheka. Mkono mmoja mgonjwa na mwingine mzima, kwa mtu mmoja!

Jioni njema.

Shangazi Nyamusi

*

Kisii
Jumanne, 25 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Machogu amenipa barua yako saa nne na sasa ni saa sita. Anamalizia kushusha ndizi, kwa hiyo naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Ile mashine huenda si mbovu. Naomba unijibu haya, bila mzaha:

Kwa nini huchumi chai? Ukichuma, mkono wa kushoto unachoka mapema kuliko wa kulia, au unakuwa baridi? Je, kichwa kinazunguka wakati mikono inafanya kazi, halafu kinatulia ukipumzika? Umewahi kuanguka?

Nilimwuliza Machogu kama umewahi kuanguka. Aliangalia ndizi zake, akaanza kunieleza zinavyoiva.

Nakusubiri.

Valentine

*

Kebirigo
Jumapili, 30 Machi 2025

Kwako mpwa wangu,

Ni mwezi na zaidi, najua. Machogu hana kosa. Alikuwa akiniuliza kila Jumatatu kama kuna barua, nami nikimwambia bado.

Sisi ni wazima. Ndama amevunja ua mara mbili. Mvua imeanza vizuri na barabara ya kwenda kituo cha kupimia majani imekuwa matope. Mama Nyasani amepata mjukuu, wamempa jina Ashley. Kwaya yetu itaimba kwenye mkutano wa makambi, na mwalimu wa kwaya amenihamisha safu ya mbele ili nione mikono yake vizuri, maana hanifichi kwamba nachelewa kuingia.

Mokeira anakusalimu. Maswali yako nimeyasoma. Yameandikwa kwa Kiswahili kizuri.

Nakutakia wiki njema.

Shangazi yako,
Nyamusi

Nimekwisha kuweka sahihi na sasa nimefungua tena. Nimeanguka mara mbili. Ya kwanza mwezi wa Novemba, ya pili Januari, siku tatu kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Zote ndani ya chai, kikapu kikiwa karibu kujaa. Mkono wa kushoto unakufa ganzi, halafu dunia inageuka kama mtu ameizungusha kwa mguu. Nikilala chini dakika chache kizunguzungu kinaisha. Nilimwapisha Machogu asikuambie, kwa sababu ndiye aliyeniokota mara ya pili.

Nitakuja Kisii. Lakini unipime wewe, si mtu mwingine. Na hukunijibu kuhusu "siku hizi".

*

Nyakoe
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama Jumatatu na Mokeira hakukuchosha kwa maswali. Machogu anasema ulilala njia yote.

Pale chumbani nilipokupima hukusikia tuliyokuwa tukisema mimi na Daktari Onyancha. Nilikuona unatazama midomo yetu, wa mmoja halafu wa mwingine, na mwishoni ukaniambia, "Niandikie." Basi nakuandikia, na naanza na jambo ambalo nimekuficha.

Oktoba mwaka jana alikuja baba mmoja wa Suneka kupimwa shingo. Mashine yetu ina kitufe cha kugeuza rangi: ukikibonyeza, nyekundu inakuwa bluu na bluu inakuwa nyekundu. Mtu aliyetangulia alikuwa amekibonyeza na mimi sikuangalia. Niliona damu ya baba yule inarudi nyuma kwenye mshipa wa ubongo, nikaandika hivyo kwenye ripoti. Familia ikamkimbiza Nairobi. Mkewe alilia njia nzima, binti yao akaacha mtihani ili awe naye. Nairobi wakampima, wakasema damu inakwenda inavyotakiwa. Alirudi mzima, akaja kliniki, akaniuliza kwa upole, "Mama, uliona nini?" Tangu siku hiyo nilitolewa chumba cha mishipa. Hiyo ndiyo "siku hizi" yako.

Kwa hiyo uliposema nikupime mimi, nilikwenda kwa Daktari Onyancha nikamwambia siwezi. Akaniuliza, "Huwezi au hutaki?" Nikasema naogopa. Akasema, "Vizuri. Nitasimama nyuma yako na sitagusa kitu. Ukikosea nitakohoa."

Ulipolala nilianza na mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Presha zilitofautiana kama zahanati walivyosema. Muuguzi wenu hakuwa na mashine mbovu, Shangazi. Alikuwa na jibu mkononi akalicheka.

Kisha nikapaka jeli shingoni, ile uliyosema ni baridi kama kamasi ya konokono. Kuna mshipa mkubwa wa mbele unaopanda kwenda kichwani. Ukawa mwekundu, kama inavyotakiwa. Nikainamisha kifaa kuutafuta ule mdogo wa nyuma, unaopanda katikati ya mifupa ya shingo kwenda kwenye ubongo. Nao ungepaswa kuwa mwekundu, maana yote miwili inapanda. Ulikuwa bluu.

Nilitazama kitufe. Kilikuwa sawa. Nikakitazama tena. Nikakibonyeza, nikakirudisha, nikamsubiri Daktari akohoe. Hakukohoa. Halafu nikakumbuka kitu ambacho Oktoba sikukifikiria: nikiipata mishipa yote miwili kwenye picha moja, kitufe hakiwezi kunidanganya, kwa sababu kikigeuza kitageuza yote. Nikatafuta pembe, nikaipata. Mmoja mwekundu, mmoja bluu, kwenye picha ileile. Damu ya mshipa mdogo ilikuwa inashuka.

Ndipo nilipokufunga ule mkanda wa presha mkono wa kushoto, nikaujaza upepo dakika tatu na kukuomba ufungue na kufunga ngumi kama unachuma chai. Ulininung'unikia. Nilipoufungua, ile bluu ikawaka, na mawimbi kwenye kioo yakashuka chini ya mstari kama meno ya msumeno. Uliniambia, "Kichwa, kichwa." Nikakushika. Nisamehe, ilibidi nione.

Maelezo ni haya. Mshipa unaopeleka damu mkono wako wa kushoto umebanwa karibu na unapoanzia, mafuta yameganda ndani. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji huruka kwa kasi. Pale penye kubanwa damu yako inakimbia sentimita mia tatu na arobaini kwa sekunde, mara tatu ya kawaida, lakini inayopita ni kidogo. Mkono ukifanya kazi unataka damu zaidi. Ukiikosa mbele, unaivuta kutoka nyuma ya shingo, ile iliyokuwa imekusudiwa ubongo. Unachuma chai kwa damu ya kichwa chako. Ndiyo maana dunia inageuka.

Daktari Onyancha alichukua kifaa mwisho kabisa, akapima mwenyewe tangu mwanzo bila kutazama namba zangu. Akapata yaleyale. Akaniambia, "Andika ripoti, weka jina lako."

Nimeweka. Anataka uende Eldoret kwa daktari wa mishipa. Wanaingiza waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, wanaufikisha pale palipobanwa, wanapatanua na kuacha kibomba kidogo cha wavu wa chuma kipashikilie. Hupasuliwi kifua, na wengi hurudi nyumbani baada ya siku mbili.

Usichume chai hadi hapo. Hata kikonyo kimoja.

Valentine wako

*

Kebirigo
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwako Valentine,

Salamu kutoka kwetu sote. Makori alikuja Pasaka akajenga upya ua wa ndama. Mvua imezidi, majani ya chai yanameta na mimi nayatazama kwa dirisha kama mtoto aliyenyimwa kutoka nje.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia, na sikuigusa wiki mbili. Kisha nikaisoma tena.

Kuhusu baba wa Suneka sikupigii mstari mwekundu. Mwaka 1994 nilimwita mtoto mmoja mwizi mbele ya darasa kwa sababu ya kalamu iliyokuwa imeanguka chini ya meza yangu mwenyewe. Baada ya kuipata nilimwomba msamaha mbele ya darasa hilohilo. Nakuuliza: wewe ulimwendea yule baba, au ulisubiri hadi alipokuja yeye? Usinijibu kama hutaki. Lakini Suneka si mbali na kliniki yako.

Kuhusu Eldoret, niliogopa. Nilitaka kusema mkono huu ni wa kushoto tu, na nina mwingine. Mokeira alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaninyooshea kikombe cha uji upande wa mkono wangu wa kushoto na kusema, "Mama, shika." Nikashika. "Inua juu ya kichwa, mara ishirini." Nilifika tisa. Akanitengea begi.

Tunakwenda Jumatatu tarehe kumi na tisa. Akina mama wa Dorkasi wataniombea, na Mama Nyasani ameuliza ule waya una urefu gani.

Shangazi yako

*

Nyakoe
Ijumaa, 20 Juni 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo. Pole na safari ya jana. Ulipotoka kliniki ulikuwa umechangamka hivi kwamba ulisahau kitambaa chako cha kichwa, nimempa Machogu pamoja na barua hii.

Uliona mwenyewe kwenye kioo kwamba kazi ya Eldoret imefaulu, lakini nataka uwe nayo kwa maandishi. Mishipa yote miwili ya shingo, ule mkubwa na ule mdogo wa nyuma, ni myekundu kwenye picha moja. Nilikufunga mkanda tena, nikaufungua, damu ya ubongo wako haikushuka hata kidogo. Pale palipokuwa pamebanwa kasi sasa ni mia moja na ishirini. Presha za mikono zimekaribiana, zinatofautiana pointi nne tu. Dawa za kulainisha damu na za mafuta usiziache, hata siku moja, hata ukijisikia msichana.

Na pale nilipoongeza sauti ya mashine hadi mwisho, watu wa mapokezi wakafungua mlango kuuliza kuna nini, nawe ukainua kidole na kusema, "Nasikia." Sijui kama ulisikia kweli au ulikuwa unanifurahisha. Sikuuliza.

Nilikwenda Suneka. Nilimkuta yule baba akipalilia migomba. Nilisema nilichokwenda kusema, kisha akamwita mkewe. Mkewe hakunisalimu kwa mkono. Alikwenda ndani akakaa muda mrefu, nikadhani ananisubiri niondoke. Akatoka na chai na maziwa ya mgando. Sijui kama amenisamehe. Nilikunywa yote.

Kuanzia Jumatatu ijayo nimerudishwa chumba cha mishipa.

Valentine

*

Kebirigo
Jumapili, 6 Julai 2025

Kwako Valentine, mwanangu,

Bwakire buya. Baridi ya Julai imefika, asubuhi ukungu unakaa juu ya chai hadi saa tatu. Mokeira ni mjamzito, miezi mitatu, na hajamwambia mtu isipokuwa Makori na mimi, na sasa wewe. Atakuja kwako umpime, kwa hiyo jifanye hujui.

Nimefurahi kwa Suneka. Sitasema zaidi, usije ukavimba kichwa.

Sauti ya mashine niliisikia. Ilikuwa kama mtu anayefagia uwanja kwa mfagio mpya, anafagia na kupumzika, anafagia na kupumzika. Sikujua ndani yangu kuna mtu mwenye bidii hivyo.

Uliwahi kumwuliza Mokeira kwa nini nilikuficha, naye akanifikishia swali. Nilikuwa namwambia kila mtu kwamba mpwa wangu anaona ndani ya watu. Nilipoanguka nikajua kwamba nikija kwako utaona, na ukiona hutaweza tena kuacha kuona. Mama yangu, nyanya yako, alianguka mbele yangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyejua kabla ya wengine kwamba hatainuka. Sikutaka wewe ndiye ujue kwanza. Nilikuwa nimekosea. Heri ulikuwa wewe.

Daktari wa Eldoret aliniruhusu kuanza tena polepole. Jumatano nilimwambia Mokeira nakwenda kumfukuza ndama, nikachukua kikapu. Nilianza upande wa chini ambako mteremko si mkali. Nilichuma kwa mikono yote miwili, majani mawili na chipukizi, bila haraka, nikihesabu moyoni. Mkono wa kushoto ulipata joto kama wa kulia. Kikapu kilipofika nusu nikasimama, kwa sababu hapo ndipo kizunguzungu kilipokuwa kikianza.

Nikanyoosha mgongo nikatazama juu ya kilima hadi pale miti ya mikaratusi inapoishia. Nilisubiri. Ukungu ulikuwa unapanda, mtu alikuwa akipita barabarani na baiskeli, na kila kitu kilikaa mahali pake.

Basi nikainama, nikaendelea kuchuma.

Shangazi yako,
Nyamusi